Viranja wa kuteuliwa, serikali ya wanafunzi au baraza la shule: kipi kinaifaa shule yako?

Shule nyingi za sekondari Tanzania Bara zina vyote vitatu kwenye karatasi. Majina ya viranja yamebandikwa ukutani, serikali ya wanafunzi inatajwa kwenye taarifa ya mwaka, na ukiuliza utaambiwa baraza hufanyika. Tofauti huonekana siku chakula kimechelewa, mvua inanyesha na mwalimu wa zamu yuko peke yake. Siku hiyo ndipo utakapojua wanafunzi wanamsikiliza nani, na kwa nini.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa shule, walimu wa malezi na walimu walioko vyuoni wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Msimamo wetu tuuweke wazi mapema: shule zinazotaka kuachana na utawala wa amri huanza na uchaguzi, kwa kuwa ndio unaoonekana wa kidemokrasia. Tunaona zimeanzia katikati. Cha kwanza ni baraza ambalo walimu wanalijibu. Uchaguzi uje baadaye, wanafunzi wakishajua kwamba neno lao likifika ofisini linarudi na jibu.

Viranja wa kuteuliwa

Utaratibu wake unajulikana. Walimu wa madarasa wanapendekeza majina, mwalimu wa malezi anayapitia, kikao cha walimu kinayakubali, mkuu anayatangaza mstarini. Ndani ya wiki moja kazi imekwisha. Kwa shule mpya yenye kidato cha kwanza peke yake hii ndiyo njia ya maana, maana wanafunzi hawajuani, na uchaguzi wa wiki ya pili utampa ushindi mtoto aliyetoka shule ya msingi iliyoleta wengi zaidi. Kwa madarasa ya chini ya shule ya msingi pia inatosha, alimradi umonita uzungushwe kila baada ya wiki mbili ili kila mtoto aonje.

Kasoro yake ni kwamba kiranja anawajibika kwa aliyemteua, si kwa anaowaongoza. Itazame orodha ya wapiga kelele. Mwalimu hayupo, monita anachomoa karatasi katikati ya daftari na kuanza kuandika majina. Anayeendelea kuongea anaongezewa alama ya x, na mwalimu akirudi kila x ina adhabu yake. Haipiti muda mrefu, majina yanaanza kuuzwa. Hili limefutwa kwa andazi, lile kwa kuazimwa kalamu, na jina la hasimu limeingia ingawa mwenyewe alikuwa zahanati tangu asubuhi. Mwalimu anayeipokea karatasi hiyo bila kuuliza swali amempa mtoto wa miaka 15 kazi ya mpelelezi, mshitaki na hakimu kwa pamoja.

Tiba yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: monita asiandike majina, aandike kazi. Kipindi kipi hakikufundishwa, zoezi gani liliachwa ubaoni, daftari ngapi zilikusanywa. Darasa lenye kazi mkononi halihitaji orodha ya wapiga kelele, na mkuu wa shule anapata taarifa anayoihitaji kweli, yaani mwalimu gani hakuingia darasani. (Ndiyo maana baadhi ya walimu huipenda zaidi ile orodha ya kwanza.)

Kuna na suala la fimbo. Kanuni za viboko zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya Tanzania zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko visizidi 4 kwa mara moja, mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kiranja hatajwi popote. Kenya ilikwenda mbali zaidi na kuiondoa adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Kiranja anayetembea na fimbo bwenini, kwa hiyo, anavunja sheria kwa niaba ya shule, na anajijengea chuki ambayo italipwa.

Malipo hayo yanaweza kuwa makubwa. Mwaka 1999, viranja 4 wa shule moja ya wavulana huko Nyeri, Kenya, walikufa baada ya wenzao kuwafungia usiku katika vyumba vyao na kuwachoma moto. Viranja kuwa na vyumba vyao pembeni ni jambo la kawaida katika shule za bweni, na ndilo linalowatenga. Ukiamua kubaki na viranja wa kuteuliwa, basi weka mipaka mitatu: wasitoe adhabu yoyote, hata ya kufagia, walale, wale na wafue pamoja na wenzao, na wasikae madarakani zaidi ya mwaka mmoja.

Serikali ya wanafunzi iliyochaguliwa

Kenya iliunda baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari mwaka 2009, na tangu hapo shule zimehimizwa kuchagua viongozi badala ya kuwateua. Afrika Kusini ilitangulia: sheria ya shule ya mwaka 1996 inataka kila shule ya umma yenye darasa la 8 na kuendelea iwe na baraza la wawakilishi wa wanafunzi, na wawakilishi hao wana viti katika bodi inayoisimamia shule. Tanzania wazo ni la zamani kuliko hayo yote. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule iwe jumuiya ambamo wanafunzi wanashiriki kuamua mambo yao, kuanzia shamba hadi matumizi ya kile wanachokivuna. Jembe lilishika mizizi katika shule nyingi, uamuzi haukushika.

Uchaguzi unaofanywa vizuri unachukua wiki 4. Upange baada ya likizo ya katikati ya mwaka ili kidato cha tatu kipokee madaraka kabla kidato cha nne hakijaingia kwenye mtihani wa taifa mwezi Novemba.

Wiki ya kwanza, tangaza nafasi na kazi ya kila nafasi kwa sentensi mbili mbili. Wiki ya pili, fomu na mchujo. Wiki ya tatu, kampeni: kila mgombea apewe dakika 3 mstarini na ukurasa mmoja kwenye ubao wa matangazo, marufuku kugawa pipi wala vocha. Wiki ya nne, kura na makabidhiano.

Siku ya kura ifanyie hesabu mapema. Shule yenye wanafunzi 600 ikiweka nafasi zote tatu za juu kwenye karatasi moja, na karatasi ya A4 ikakatwa vipande 4, inahitaji karatasi 150. Mpiga kura mmoja hutumia kama nusu dakika. Kituo kimoja kitakula saa 5. Vituo 4 vitamaliza kwa dakika 75, ambazo ni karibu vipindi viwili vya dakika 40. Ndoo yenye mfuniko uliotobolewa inatosha kuwa sanduku, lakini mfuniko ufungwe kwa gundi mbele ya mawakala wa wagombea. Kura zihesabiwe hadharani, darasani, kila moja ikiinuliwa na kusomwa, na matokeo ya kila kituo yabandikwe kabla ya kengele ya mwisho. Ukiyalaza matokeo ofisini usiku mmoja, asubuhi hakuna atakayeyaamini hata yakiwa ya haki.

Usikubali kura ya kunyoosha mikono. Inaokoa saa moja na kuharibu mwaka mzima, kwa sababu kila mtu anamwona aliyemnyima.

Mahali uchaguzi unapofia ni kwenye mchujo. Majina 12 yanaingia ofisi ya walimu, yanatoka 3, na wanafunzi hawaambiwi sababu. Yule mwenye ulimi mwepesi, aliyeuliza mwaka jana michango ya taaluma ilikwenda wapi, hayumo. Wanafunzi si wajinga. Wanapiga kura wakijua wanachagua kati ya wateule wa walimu, na kiongozi anaanza kazi akiwa hana uzito. Kama mchujo ni lazima, ufanywe na watu 5, walimu 2 na wanafunzi 3 wasiogombea, kwa vigezo viwili vilivyoandikwa mapema, kwa mfano mahudhurio na kutokuwa na kosa kubwa lililorekodiwa. Anayekatwa apewe sababu kwa maandishi. Alama za darasani zisiwe kigezo. Anayeshika nafasi ya 40 anaweza kuwa ndiye anayewaelewa wengi.

Kosa la pili ni hesabu ya madarasa. Kidato cha kwanza mara nyingi ndicho chenye watu wengi, kwa hiyo kikiamua, kimeamua kwa ajili ya wote. Nafasi za juu zipigiwe kura na shule nzima, lakini wajumbe watoke kila mkondo, wawili wawili, mvulana na msichana. Na dada mkuu asigeuzwe kuwa msimamizi wa mabweni ya wasichana na maua peke yake huku kaka mkuu akikaa na mkuu wa shule kuzungumzia ratiba.

Wapo wanaotaka serikali hiyo iwe na mahakama yake. Janusz Korczak, daktari na mlezi wa Poland, aliendesha mahakama ya watoto katika nyumba yake ya yatima mjini Warsaw; mahakimu walikuwa watoto, vifungu 99 vya kwanza vya sheria yake vilikuwa vya kusamehe au kuiacha kesi, na Korczak mwenyewe alishitakiwa humo. Kama ofisi ya walimu haiko tayari kwa hilo la mwisho, isiwape wanafunzi mamlaka ya kuhukumiana. Itakuwa imerudisha viranja wenye fimbo kwa mlango wa nyuma.

Baraza la shule

Hapa tunazungumzia kikao ambacho wanafunzi wanauliza na uongozi unajibu. Ni cha bei nafuu kuliko vyote: daftari moja la kumbukumbu, ubao wa matangazo, na saa moja kwa mwezi. Ni kigumu kuliko vyote pia, kwa sababu anayetoka jasho ni mwalimu.

Siku 7 kabla, kila darasa linaandika hoja zisizozidi 3, bila majina ya waliozitoa. Makatibu wawili, mwalimu na mwanafunzi, wanaziunganisha zinazofanana. Shule ya mikondo 16 italeta hoja 48, na baada ya kuunganisha kwa kawaida hubaki chache tu, nyingi zikihusu chakula, maji, vyoo, adhabu na vipindi visivyofundishwa. Chagua 10 zenye madarasa mengi nyuma yake. Kila moja ikipewa dakika 6, saa imejaa. Ikiwa shule ina wanafunzi zaidi ya 400, usikusanye wote uwanjani, kwani watakaosikika ni wa mbele. Kutana na wawakilishi wawili wa kila mkondo, kisha warudi madarasani na majibu siku hiyohiyo.

Jibu lichukue sura moja kati ya tatu. Ndiyo, na tarehe. Hapana, na sababu. Au jambo haliko mikononi mwetu, liko kwa fulani, na tumeliandikia barua. "Tumelipokea" si jibu. Kila mwanafunzi anajua maana yake. Majibu yote yabandikwe ndani ya siku 7, na baraza linalofuata lianze kwa kusoma yale yaliyoahidiwa.

Chukua hoja ya maharage, ambayo haikosekani. Wanafunzi wa bweni wanalalamika mchuzi ni mwingi, maharage machache. Mkuu anaweza kufoka kwamba nyumbani kwao hawali hata hayo. Au anaweza kumwita mhasibu aandike ubaoni: gramu 100 za maharage makavu kwa mwanafunzi, wanafunzi 600, kilo 60 kwa siku, bei ya gunia mwezi huu ni kiasi gani, ada ya chakula iliyolipwa ni kiasi gani, na wangapi hawajalipa. Kisha wawakilishi wawili waingie stoo asubuhi ya kesho yake kushuhudia kilo 60 zikipimwa kwenye mizani. Mara nyingine hesabu itaonyesha kweli fedha haitoshi. Mara nyingine mizani itaonyesha 45, na tatizo si ada tena. Hapo ndipo utajua kama shule inataka baraza au ilitaka mapambo.

Baraza huuawa kesho yake. Aliyeuliza kuhusu vipindi anasimamishwa darasani: "Wewe ndiye mwanasheria?" Akichekwa mara moja, hoja za mwezi ujao zitakuwa za mipira na runinga tu. Mkuu wa shule anapaswa kulisema jambo hili kwenye kikao cha walimu kabla ya baraza la kwanza, tena liingie kwenye mihtasari: mwalimu anayemtafuta muulizaji atajibu kwa maandishi.

Kuna hoja ambazo hazistahili baraza kabisa. Tuhuma dhidi ya mwalimu kwa jina, na hasa jambo lolote la kuguswa au kutongozwa, ziende moja kwa moja kwa mwalimu wa malezi au mkuu, na wanafunzi waelezwe mlango huo uko wapi na nani mwingine wa kumwona kama mtuhumiwa ndiye mwenye mlango.

| | Viranja wa kuteuliwa | Serikali iliyochaguliwa | Baraza la shule |
|---|---|---|---|
| Muda wa kuanzisha | wiki 1 | wiki 4 | wiki 2, kisha saa 1 kila mwezi |
| Anayewajibika | kiranja kwa mwalimu | kiongozi kwa wanafunzi | mkuu kwa wanafunzi |
| Huharibikia kwenye | fimbo na upendeleo | mchujo | majibu na kisasi |
| Mwalimu anahitaji ujuzi gani | kusimamia | kusimamia uchaguzi bila kuuelekeza | kukosolewa hadharani na kujibu kwa hoja |

Walimu wamefundwa nini

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio wenye uzito. Mwalimu tarajali anafundishwa andalio la somo, azimio la kazi, zana na upimaji. Mkufunzi akija kumkagua kwenye mazoezi anaketi nyuma na fomu, na darasa lililotulia humpa alama. Hafundishwi mahali popote kumjibu mwanafunzi aliyesema, kwa heshima, "Mwalimu, umetuonea." Kwa hiyo anatumia kile alichokiona: jinsi alivyotendewa yeye alipokuwa mwanafunzi, na jinsi anavyotendewa chuoni.

Oktoba 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu jijini Mbeya ilisambaa nchi nzima, na wahusika walifukuzwa vyuoni. Wengi walijadili ukatili wao. Jambo lililojadiliwa kidogo ni kwamba walikuwa kundi, ndani ya ofisi ya walimu, na hakuna aliyeona kuna njia nyingine. Kufukuzwa kwao hakukuifundisha njia hiyo kwa waliobaki.

Chuo cha ualimu kinaweza kuifundisha bila kuongeza somo. Serikali ya wanachuo ijibiwe kwa maandishi na mkuu wa chuo, ndani ya siku zilezile 7. Katika ufundishaji wa majaribio kati yao wenyewe, mmoja apewe kazi ya kupinga alama aliyopewa, na mwingine ajibu mbele ya darasa. Fomu ya ukaguzi iongezwe vipengele viwili: wanafunzi wangapi waliuliza swali bila kuchaguliwa, na mwalimu alifanya nini kosa lilipotokea. Vikipimwa, vitafanyiwa mazoezi.

Kwa shule inayopokea walimu wa mazoezi, usimwachie mgeni zamu peke yake wiki ya kwanza. Mpe ukatibu wa baraza. Atakusanya hoja, atasikia zinavyojibiwa, na ataondoka akijua kitu ambacho maktaba ya chuo haikumpa. Kwa walimu walioko kazini, vikao vya jumuiya za kujifunza vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vinatosha: chukua hoja 3 halisi za baraza lililopita, walimu waandike majibu kila mmoja peke yake, kisha wasomeane. Tofauti za majibu zitaonyesha nani yuko tayari.

Uchague kipi

Shule mpya au yenye mkuu mpya: viranja wa kuteuliwa kwa mwaka mmoja, na mipaka ile mitatu, huku baraza likianza muhula wa kwanza.

Shule ya kata ya kutwa yenye wanafunzi 800 na walimu wachache: baraza la wawakilishi kila mwezi kwanza. Uchaguzi usubiri hadi mabaraza 4 yawe yamefanyika na majibu yake yamebandikwa. Mlezi mmoja aliyezidiwa na vipindi hawezi kubeba vyote kwa mpigo.

Shule ya bweni: baraza na uchaguzi vyote viwili, na haraka. Wanafunzi wanakaa saa 24 chini ya uongozi mmoja, na malalamiko yasiyo na pa kwenda hukaa bwenini. Baraza liwe kila wiki mbili, na mkuu wa shule asikose.

Kidato cha tano na sita: serikali iliyochaguliwa bila mchujo. Wengi wao wametimiza miaka 18 au wanakaribia, umri wa kupiga kura ya Rais.

Na ukiona nusu ya walimu wako wanapinga hata baraza la saa moja, baki na viranja wa kuteuliwa na uwaambie wanafunzi ukweli kwamba wameteuliwa. Ni afadhali hivyo kuliko uchaguzi ambao matokeo yake yanajulikana. Muhula huo utumie kwenye kikao cha walimu, na anza na hoja moja tu: vipindi visivyofundishwa, kwa takwimu za monita. Weka kwenye faili la makabidhiano orodha ya hoja zilizojibiwa, zisizojibiwa na barua zilizotumwa nje, ili mlezi mpya akihamia asiulize wanafunzi mambo ambayo walishayasema mara tatu.